Massey 135 ya marehemu baba: nirudishe sailensa au niache bomba wazi?

Mwana wa Dereva (Kisauni)

Assalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Nisomeni hadi mwisho kabla ya kunicheka.

Marehemu baba alituachia trekta ya Massey Ferguson 135, ile ya injini ya Perkins ya silinda tatu. Bamba lake la nambari limeliwa na chumvi, halisomeki, lakini 135 zilitengenezwa kuanzia 1964 hadi miaka ya sabini, kwa hivyo hata kama hii ni ya mwisho mwisho bado ni mkubwa wangu. Siku hizi yavuta tangi la maji huku Kisauni na Mtopanga. Masika yakikaribia huvuka daraja la Mtwapa, ikaenda kulima mashamba ya watu.

Zamani baba aliitoa sailensa, akatia bomba tupu la futi nne lililosimama wima juu ya bonneti. Mtaa mzima ukimjua kwa sauti ile. Trekta ikikata kona ya msikiti, mama alikuwa ashaanza kumimina chai. Bomba likaoza mwaka juzi, na fundi mmoja akaniuzia sailensa ya mtumba. Tangu siku hiyo trekta ikalegea. Tangi likijaa na njia ikipanda, moshi mweusi, kikohozi, radieta yachemka. Mwezi uliopita nikaing'oa ile sailensa, nikachomelea bomba wazi jipya. Wallahi nguvu zilirudi siku ile ile.

Sasa jirani yangu ana mtoto mchanga. Alikuja na adabu zake zote, akanambia, "Kaka, mimi sikukatazi riziki, lakini saa kumi na moja alfajiri?" Nikakosa la kumjibu. Wiki ya pili akaja mzee wa nyumba kumi, na huyo hakuja na adabu nyingi.

Nauliza basi. Kweli bomba wazi laongeza nguvu? Na kweli lachoma valvu, vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda, kama asemavyo fundi wangu? Mngekuwa nyinyi mngetia lipi?

Kijana wa Bamburi

Bomba wazi, hakuna mjadala. Trekta isiyo na sauti ni mkokoteni.

Fundi wa Shimanzi

Kijana, ngoja kwanza, usiuze samaki kabla ya kutega.

Mwana wa Dereva, ichukue ile sailensa uliyoing'oa, uitikise sikioni kama unavyotikisa nazi sokoni. Ikigongagonga ndani, ushapata jibu. Sailensa ina vyumba na vibamba vyenye matundu, na vibamba hivyo huoza mapema kuliko ganda la nje. Kimoja kikikatika, moshi wenyewe hukisukuma hadi kikaziba mlango wa kutokea. Kwa nje waiona nzima, hata rangi ina. Ndani imeziba kama bomba la choo.

Dalili ulizozieleza ni za injini iliyobanwa pumzi. Moshi wa zamani usipotoka wote, hewa mpya haipati nafasi ya kuingia kwenye silinda, ila pampu ya dizeli haina habari hiyo, inaendelea kumwaga kipimo kile kile. Dizeli nyingi na hewa kidogo ndiyo moshi mweusi, na joto lisilotoka na moshi hubaki likipika kichwa cha injini. Kwa hivyo ulipoing'oa hukuongeza nguvu. Ulirudisha zile ulizokuwa umenyang'anywa.

Watu wengi hukosea hapo. Hulinganisha bomba jipya na sailensa mbovu, kisha wakatangaza kwamba sailensa zote ni wezi. Ilinganishe na sailensa nzima uone. Injini yako ni ya lita 2.5, haina turbo. Ikizunguka mara 2000 kwa dakika, yavuta kama lita 2500 za hewa katika dakika hiyo. Ukubwa huo sailensa ya kipimo chake yaupitisha bila taabu. Tofauti itakayobaki ni ndogo hata ukikaa juu ya kiti hutaijua, utaisikia kwa masikio tu na masikio hayavuti tangi.

Na la valvu: asilimia kubwa ya ninazozifungua mimi zimeungua kwa sababu nafasi yake imebana. Perkins hii yataka inchi 0.012 injini ikiwa baridi. Valvu isipokaa vizuri kwenye kiti chake haina pa kupunguzia joto, ikaungua ukingoni, na hapo bomba wazi lasingiziwa. Ninachokubali ni kwamba usiache tundu la manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini, likiwa uchi bila bomba lolote. Moto unatokea karibu na bonneti, karibu na nyaya, karibu na uso wako. Bomba la futi nne si kosa kwa upande wa valvu.

Mkereketwa wa Fergie

Nyinyi mwabishana juu ya 135, hiyo ni ya juzi! Mimi nina Ferguson TE20 ya petroli, ile ya kijivu. Zilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya nusu milioni. Hizo ndizo Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest, alizifunga minyororo akafika nazo ncha ya kusini ya dunia mwezi wa Januari 1958, yeye na wenzake, bila kibanda cha maana.

Kwenye TE20 ekzosi, yaani bomba la moshi, ya kawaida ilipita chini, ikatokea nyuma, na ya kusimama ilikuwa ya kuagiza. Msimamo wangu ni kwamba trekta ya zamani irudishiwe ilivyotoka kiwandani. Ukiipeleka maonyesho ya Mkomani na bomba la maji limesimama pale mbele, wajuzi wataitazama mara moja na kupita.

Kijana wa Bamburi

Wajuzi wangapi hao Mkomani? Sisi wengine tulikuwa kwenye foleni ya miwa.

Mkereketwa wa Fergie

Wawili. Mimi na mwengine.

Bi Mkulima (Msambweni)

Nawasalimu. Nyote mmezungumza nguvu na sauti, hakuna aliyetaja moto.

Nina ekari chache za mikorosho. Miaka kadhaa nyuma nilikodi trekta ya mtu ije ikate majani kati ya miti. Ilikuwa Januari, kaskazi yapuliza, majani makavu yaalika ukiyakanyaga. Trekta ile ilikuwa na bomba wazi. Dereva aliiacha ikinguruma taratibu muda mrefu akila embe, kisha akapanda, akakanyaga mafuta kwa nguvu. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, niliona kwa macho yangu vipande vyekundu vikiruka kutoka kwenye bomba kama mbegu za ufuta kikaangoni. Kimoja kilianguka penye rundo la majani ya korosho. Tulipigana na moto ule hadi magharibi, kwa matawi na ndoo. Nilipoteza miti kumi na moja, na mikorosho haikui kwa mwaka mmoja.

Baadaye nilielezwa kwamba injini ya dizeli ikikaa muda mrefu bila kazi hujenga masizi ndani ya manifoldi na bomba, na ikikamuliwa ghafla masizi hayo hung'oka yakiwa yanawaka. Kwenye bomba wazi hayana pa kugonga, yatoka moja kwa moja. Kwenye sailensa hugonga vibamba, yakavunjika na kupoa. Haizuii zote, iko ya kuzuia cheche hasa, yenye mapanga ndani ya kuzungusha moshi, hiyo ndiyo ya kweli. Lakini hata ile ya kawaida yapunguza.

Jengine: bomba la kusimama chini ya mikorosho na miembe ni adui. Matawi hulishika na kulikunja, nalo likiwa la moto lachoma majani mabichi. Langu mimi sasa lapita chini na lina sailensa, lakini nalo nalichunga, maana likiwa chini sana laramba nyasi. Kila shamba na shida yake.

Mwana wa Dereva

Bi, pole sana. Miti kumi na moja! Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, nami Mtwapa hulima penye makonde makavu mvua haijaanguka.

Fundi, shikamoo. Nimeitikisa. Yagonga kama dumu lenye mawe. Nimemwita mdogo wangu asikie, akasema kuna kitu kimekufa mle ndani.

Fundi wa Shimanzi

Marahaba. Ipasue na grainda uone, lakini vaa miwani.

Mwana wa Dereva

Nimepasua. Vibamba viwili vimelala kimoja juu ya chengine kama chapati, penye mlango wa kutokea. Na kiota cha nyigu wa udongo, kigumu kama saruji. Aliyeniuzia aliipaka rangi ya fedha juu, nami nikaingia.

Mstaafu wa Mkonge

Mjukuu wangu ndiye aandikaye, mimi namtamkia.

Miaka ya sabini niliendesha Fordson Major kwenye shamba kubwa la mkonge kaskazini ya Mombasa. Sailensa ilioza, nyapara akasema trekta yalima bila sailensa, basi tukalima. Miaka minane. Bomba lilikuwa limesimama mbele yangu, usawa wa uso. Hakukuwa na kibanda, hakukuwa na vya kuziba masikio. Jioni nikishuka nilisikia filimbi ndani ya kichwa, asubuhi imeondoka. Mwaka wa tatu ikawa asubuhi haiondoki.

Sasa nawasikia wanaume, wanawake nawasikia nusu, na wajukuu siwasikii kabisa isipokuwa niwatazame midomo. Zinazopotea mwanzo ni sauti nyembamba. Herufi kama s na f na sh zimefutika. Mtu akinambia "saa sita" mimi nasikia "aa ita." Huyu mjukuu hapa anacheka anapoandika.

Daktari alinieleza kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, vikifa havioti tena. Hakuna dawa. Mashine ya sikio yasaidia, lakini sokoni Kongowea yaniletea kelele zote pamoja.

Mwanangu, mimi sikujui na babako sikumjua. Alisikia vizuri uzeeni?

Mwana wa Dereva

Mzee wangu, shikamoo. Umenigusa pabaya. Baba alikuwa tukimwita mara tatu. Televisheni ilisikika hadi nyumba ya tatu. Sisi tulidhani ni ukaidi wa uzee, na mama alikuwa akisema "babenu asikia anachotaka." Nimekaa na simu mkononi kwa muda baada ya kusoma maneno yako.

Mtu wa Kanuni (Tudor)

Nitie langu la kisheria. Kenya ina kanuni za kelele na mtetemo za 2009, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kwenye makazi, usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Ukiwasha saa kumi na moja alfajiri wewe umo ndani ya usiku, hata jogoo awe ameshawika. Na kwenye kazi, kanuni za 2005 za kuzuia kelele zinasema mfanyakazi asipigwe na zaidi ya desibeli 90 kwa wastani wa saa nane. Desibeli hazihesabiki kama machungwa: ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa maradufu. Kwa hivyo mtu akisema "imezidi kidogo tu," muulize kidogo ngapi.

Jirani yako amekufanyia hisani kuja mwenyewe.

Kijana wa Bamburi

Lakini mbona Marekani wapenzi wa trekta za zamani wanatoa sailensa? Nimeona video nyingi. Zile John Deere za silinda mbili zinapiga pu... pu-pu... pu, utamu mtupu.

Fundi wa Shimanzi

Utamu naukubali, mimi pia huziangalia usiku badala ya kulala. Zile za silinda mbili hazipigi kwa mpangilio ulio sawa: moto wa kwanza, nusu mzunguko wa pili, kisha kimya cha mzunguko mmoja na nusu. Ndiyo maana zasikika kama mtu achechemeaye. Perkins ya silinda tatu hupiga kila nyuzi 240, sawasawa. Ikizunguka mara 2000, ni mapigo 50 kwa sekunde. Hiyo si ngoma, ni mngurumo mmoja mrefu, nao wapita ukutani vizuri kuliko unavyofikiri.

Na wale wa kwenye video wengi wao ni wa mashindano na maonyesho. Huwasha nusu saa, wakazima, wakafunika turubai. Huyu mwenzetu ana saa sita kila siku, mtaani, na kiti kiko wazi.

Kijana wa Bamburi

Sawa fundi, lakini bado waamini tu kwamba nguvu ni ile ile. Umepima?

Fundi wa Shimanzi

Swali zuri. Nimepima za wengine, hii sijapima, na yeye aweza kupima mwenyewe kwa mpira wa maji wa shilingi chache. Nisikilizeni.

Karibu na manifoldi, kabla ya sailensa, toboa tundu dogo kwenye bomba, uchomelee nati. Ufunge kipande cha bomba la breki, kile cha chuma, kama futi mbili, maana mpira ukiugusisha pale utayeyuka. Mwisho wa chuma chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Uuning'inize kwenye ubao kwa umbo la herufi U, utie maji yenye rangi, hata Ribena. Mwisho wa pili uko wazi hewani. Injini ikiwaka, moshi utasukuma maji upande mmoja yashuke, mwengine yapande. Pima tofauti ya vimo kwa rula ya shule. Maji yakirukaruka sana, ubane mpira kidogo kwa kibano cha nguo, yatatulia.

Upime mara tatu kwa mzunguko ule ule wa injini: sailensa mbovu, bomba wazi, sailensa mpya. Na hesabu yake ni hii: uzito wa hewa inayotuzunguka ni sawa na maji ya kimo cha mita kumi hivi. Sentimita kumi za maji ni asilimia moja tu ya hiyo. Ukipata tofauti ya sentimita chache kati ya bomba na sailensa, ujue mwabishana juu ya kivuli.

Mkereketwa wa Fergie

Ribena kwenye Massey. Babu zangu wanalia makaburini.

Mwana wa Dereva

Nimekawia, tulikuwa na harusi. Matokeo haya hapa. Sailensa mpya niliazima kwa rafiki kabla ya kununua, ya kipimo cha 135. Trekta imesimama, mafuta yamevutwa hadi mwisho, haivuti kitu.

Bomba wazi: sentimita 3. Sailensa mpya: sentimita 11. Ile mbovu nilikuwa nimeshaipasua, nikaifunga kwa waya na bati kama bandeji. Hata ikivuja hivyo maji yote yaliruka nje, yakamwagikia mdogo wangu shati la harusi. Sina kipimo cha hiyo ila kilio chake.

Kwa hivyo tofauti ni sentimita 8. Chini ya asilimia moja, kwa hesabu ya fundi. Nikaifunga ile ya kuazima, nikajaza tangi, nikapanda nayo ile njia iliyokuwa ikinishinda. Imepanda na gia ile ile iliyopanda nayo bomba wazi, bila moshi mweusi. Nilisikia mpira wa tangi ukilia kwenye shimo! Miaka yote sikuwahi kujua kwamba unalia.

Kijana wa Bamburi

Haya, nimenyamaza. Kwa leo.

Bi Mkulima (Msambweni)

Mashallah. Na chujio la hewa umelisafisha? Lile la bakuli la oili. Watu hushughulika na mkia wakasahau pua.

Mwana wa Dereva

Bi, nilipolifungua oili ilikuwa kama uji wa wimbi. Nimelisafisha baada ya vipimo, wala si kabla. Sikutaka kuchanganya hesabu.

Fundi wa Shimanzi

Huyu kijana angekuwa fundi.

Sasa ukinunua, nikupe la kukufaa. Kwanza, hapa pwani sailensa hufa kutoka ndani, si kutoka nje. Kila lita ya dizeli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, yakatoka kama mvuke. Injini ikipata moto vizuri mvuke wote watoka. Ukiwasha dakika tano kuhamisha trekta kutoka uani hadi barabarani kisha ukazima, mvuke wapoa ndani ya sailensa, ukawa maji, ukachanganyika na salfa ya moshi. Hayo si maji tena, ni siki. Toboa tundu la milimita 3 penye sehemu ya chini kabisa ya sailensa yajitoe. Na usiwashe bila kazi.

Pili, usikubali mtu akuchomelee bomba la maji la mabati. Zinki ikiungua, yule anayechomelea hupata homa na kutetemeka usiku kama mwenye malaria, na mafundi wengi wa jua kali hawajui imetoka wapi. Tafuta bomba jeusi.

Tatu, la kusimama lipandishe lipite kichwa chako na ncha yake uikunje iangalie pembeni. Ukilima kuelekea kusini wakati wa kusi, upepo uko usoni, na moshi wote utaurudisha mwenyewe mapafuni.

Nne, mvua. Hili nitalisema kwa sauti. Bomba la kusimama lisilofunikwa ni mtaro. Trekta ikilala nje masika, maji yashuka hadi kwenye manifoldi, na kwenye silinda tatu mara nyingi kuna valvu ya ekzosi moja iliyo wazi. Maji yaingia, yakalala juu ya pistoni. Ringi zashika kutu. Asubuhi ukipiga stata, maji hayabanwi kama hewa, kitakachopinda ni koneksheni, kile chuma kinachoishika pistoni. Nimefungua injini nzuri mno zilizouawa na usiku mmoja wa mvua. Tia kifuniko cha bawaba, kile kinachorukaruka moshi ukitoka. Kikikosekana, kopo.

Mkereketwa wa Fergie

Kopo la maziwa ya unga ndilo kopo halisi. La rangi halikai vizuri, na la samaki ni dogo.

Mtu wa Kanuni (Tudor)

Kanuni hazisemi lolote juu ya kopo.

Kijana wa Bamburi

Na lile bomba la marehemu je? Mlilitupa?

Mwana wa Dereva

La baba lenyewe lilioza, lakini mama alilihifadhi kipande, kama futi moja na nusu, chini ya kitanda. Mimi sikujua. Jana nilipomwambia nanunua sailensa alikitoa, kimefungwa kwenye leso. Fundi akasema angeweza kusafisha ncha iliyo nzima, aichomelee juu ya sailensa mpya iwe ndiyo mlango wa kutokea moshi. Mama akakataa isikatwe. Kisha usiku akasema ikatwe. Asubuhi akakataa tena. Nimekiacha kwenye leso.

Mstaafu wa Mkonge

Mwache. Na wewe nunua vya kuziba masikio hata kama una sailensa. Injini yenyewe bado yapiga kelele, na gia, na feni. Sailensa yanyamazisha bomba tu.

Mwana wa Dereva

Nimenunua, mzee wangu. Vile vya sponji.

Habari za mwisho kwa leo. Sailensa mpya imefungwa jana, nati zote tatu na gasketi mpya ya manifoldi. Leo nimetoka saa kumi na mbili na robo. Jirani alikuwa mlangoni na mtoto begani, mtoto amelala. Hakusema kitu, aliinua mkono.

Nimerudi adhuhuri, nimeegesha uani, nimekagua oili, nimenawa. Nusu saa imepita chai haiji. Nikaingia jikoni, mama akashtuka: "Wewe! Umekuja na nini?" Nikamwambia nimekuja na trekta. Akatoka hadi uani akaitazama, akarudi akabandika maji bila kunitazama. Nadhani nitakuwa nikipiga honi penye kona ya msikiti. Mara moja, fupi.

Bi Mkulima (Msambweni)

Piga. Mchana.

Fundi wa Shimanzi

Anga ya Mtwapa imefanya nyeusi tangu asr. Kopo umetia?

Mwana wa Dereva

Lo! Natoka nalo sasa hivi.